Swali la Kumi na Saba

Rovigo, Februari. Ukungu umeegemea dirisha la kliniki
kama mgonjwa aliyefika kabla ya zamu yake.
Mezani hojaji: maswali arobaini na matatu
yaliyozaliwa kwa Kiingereza,
nami mkunga wa pili, nayazalisha upya kwa Kiitaliano.

Nimekwama kwenye neno moja: mlezi.
Kamusi yanipa *badante*.
Bi Nives Bortolin avua miwani:
"Badante ni Ludmila, anayemwogesha mama mkwe wangu
kwa mshahara, na Alhamisi hupumzika.
Mimi sina Alhamisi. Andika mama."
Nikafuta, nikaandika mama. Kisha nikawakumbuka akina baba,
na yule shangazi wa Adria aliyelea peke yake.
Nikafuta tena. Karatasi ikatoboka.

Tafsiri hutumwa, kisha hurudishwa:
mtu asiyeiona asili huigeuza tena Kiingereza,
nasi twahesabu chenji
kama mtoto katoka dukani.
"Mzigo" ulikwenda, ukarudi "uzito".
"Faraja" ilirudi "nafuu", imepungua senti kadhaa.

Swali la kumi na saba:
*Tangu kifaa kiingie nyumbani, mnazungumza zaidi mezani?*
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Daima.

Bi Nives kashika kalamu, haandiki.
"Jumapili," asema, "mume wangu alikuwa kwenye habari za trekta,
zile zile, na supu inapoa.
Tobia akagusa picha mbili kwenye kishikwambi.
Ikatoka ile sauti ya bati, ya mtu mzima asiye na mafua:
BABA. BASI.
Tukaacha vijiko.
Miaka tisa tulimngoja amwite baba yake,
na alipomwita, alimnyamazisha!
Tulicheka, we, tulicheka.
Mume wangu akaingia jikoni, akafungulia bomba,
maji yakamwagika muda mrefu
na hakuna sahani iliyooshwa.
Haya, niambie: hiyo ni mara chache, au mara nyingi?
Ilikuwa mara moja."

Sina kisanduku cha mara moja.
Masharti ni wazi: vipimo visiguswe,
la sivyo namba zetu hazitasomana na za wenzetu.
Hata hivyo nimechora mraba pembeni, kwa penseli,
umepinda upande mmoja.

Kamati itaufuta Jumatatu.
Bi Nives ametia alama ndani yake,
kaikandamiza kalamu mpaka wino ukatokea nyuma ya karatasi,
juu ya swali la kumi na nane,
ambalo bado sijalitafsiri.