Saa Mbili Ukutani

Kijana wa wakala, karibu na Posta, aliniandikia kwenye kikaratasi:
Lubumbashi – Guangzhou, kilomita elfu kumi na mia moja,
ukinyoosha uzi juu ya tufe.
Lakini ndege haifuati uzi, mama. Inapitia Addis:
saa nne hewani, saa tano za kulalia mkoba,
kisha saa kumi na moja za giza na kahawa ya vuguvugu.
Nikajumlisha. Ishirini.
Nikazifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na risiti.

Chabu aliondoka Luano Jumanne, na koti la kuazima.
Mauwa aliuliza: saa ishirini ni kulala mara ngapi?
Mara moja tu, nilimjibu.
Amelala mara mia nne na kitu tangu siku ile.

Usiku tunayasikia malori ya shaba
yakishika njia ya Kasumbalesa, vikombe vikitetemeka kabatini.
Nayo yanakwenda kule kule,
miezi miwili, lami na vumbi na meli,
wala hakuna anayeyauliza yatarudi lini.

Mwezi wa sita lilifika sanduku.
Viatu vya Mauwa (vidogo; mguu haukumngoja baba),
kamba ya taa, shati langu la bluu,
na saa ya ukutani, rangi ya samli,
betri ndani, mishale inatembea,
imevuka bahari yote ikihesabu saa za huko.

Niliitundika kando ya ile yetu ya soko la Katuba,
nikapanda kigoda niirekebishe.
“Iache,” alisema Mama Sangwa, mkwe wangu,
mzaliwa wa Moba, ziwani,
ambaye hajakubali hata siku moja
kwamba siku inaanza watu wakiwa wamelala.
“Inasema ngapi?”
Tatu.
“Na sasa hivi ni saa ngapi?”
Umeme ulikuwa umekatika. Bukari imeliwa, sufuria zimelowekwa,
jirani anafunga geti lake kwa mnyororo.
Saa tatu ya usiku, nikasema.
“Sasa unarekebisha nini?”

Nikabaki juu ya kigoda, mshumaa mkononi.
Saa yetu, ya hapa hapa, ilisema tisa.
Ya mgeni ilisema tatu, kama mama,
kama kila mtu aliyezihesabu saa
tangu jua lilipotoka.

Tofauti ni saa sita, alinionya yule kijana,
usije ukampigia mumeo akiwa usingizini.
Hizo sita Mama Sangwa amekuwa nazo tangu utotoni,
bila tiketi.

Kilomita ziko pale pale. Sijapunguza hata moja.
Viatu nimempa mtoto wa jirani.

Lakini usiku ule nilipiga simu.
Iliita sana. Kisha sauti yenye shuka juu yake:
“Kuna nini? Unajua huku ni saa ngapi?”
Tatu, nikasema.
Kimya. Nikasikia akiitafuta saa yake gizani,
akigonga kitu, glasi labda.
“Umejuaje?”
Huku pia ni tatu, Chabu.
Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani,
halafu salio likakatika
nami nikashuka kigodani.