Uzito wa Beseni

Chumba cha pembeni, Buguruni. Feni imekufa.
Ko, ko, ko: Zamoyoni anatoboa hesabu,
nukta kwa nukta.
Wenzake wameshatoka, wanabishania majibu koridoni.
Mmoja kachungulia: "Huyu kapewa dakika za bure!"

Sikumjibu. Nilimkumbuka mama, sokoni Ilala,
alivyopima dagaa: kwanza beseni tupu,
aupunguze uzito wake, ndipo ataje bei.
Hakuna mteja aliyedai beseni linapendelewa.

Swali la tisa: *Tazama mchoro.*
Anapapasa karatasi. Laini.
Maneno waliyageuza nukta,
mchoro wakauacha hukohuko
kwenye macho ya wengine.

"Mwalimu, mchoro uko wapi?"

Natazama saa. Zimebaki dakika arobaini.
Kwa swali hili
hata mwaka mzima hautoshi.