Safu ya Jinsi

Okidi yangu ilifika Newala ndani ya boksi la viatu,
imeviringishwa gazeti la wiki iliyopita,
vishina vitatu vinene, vimekunjamana
kama vidole vya aliyefua kutwa.
Somoe, afungaye mashada kwenye shamba la maua Arusha,
aliandika pembeni kwa penseli:
Shangazi, usiipe udongo. Mkaa na makumbi. Maji kidogo.
Maji kidogo! Kana kwamba huku juu tunayo mengine.

Niliitundika barazani kwa waya wa breki ya baiskeli.
Mwezi wa sita salfa ya mikorosho ikaivumia
hadi majani yakafanana na mikono ya mwoka mikate.

Mwaka wa kwanza ilikaa nyuma ya nguzo, kivulini,
ikatoa madume kumi na moja:
madoa ya zambarau, ndevu mdomoni,
na ndani uzi mwembamba kama wa mtego wa panya.
Nyuki akiugusa tu, paa!
anabandikwa bonge la chavua mgongoni,
anaondoka akipepesuka, kabeba mahari asiyojua ya nani.
Nilicheka peke yangu. Miaka thelathini na minne ya ukunga,
sijaona mwanamume mwenye haraka namna ile.

Mwaka wa pili mchwa waliila nguzo, jua likaingia.
Mche uleule, mizizi ileile,
ukatoa maua matatu ya kijani-manjano,
mazito kama vyungu vilivyofunikwa,
hayana mtego, hayana papara. Majike.
Jirani yangu Mchopa akasema nimeuziwa mbegu mbili.
Nikamwonesha mkorosho wake mwenyewe:
shada moja, hapa ua dume, hapa lenye yote mawili,
na korosho unaziuza bila kuziuliza.
Akakohoa, akahamia habari za mnada.

Mwaka huu jua limekuja nusunusu.
Kikonyo kimoja: juu madume mawili, chini jike,
na katikati ua ambalo
nimevaa miwani, nimevua, nimeifuta kwa kanga,
lina chungu cha jike, kifuniko kimeinuka;
lina uzi wa dume, mmoja, umelala;
madoa yameanza, yakakoma.

Mkono wangu ukatafuta kalamu.

Mwaka wa mvua za El Nino, saa tisa usiku, taa ya chemli,
paa la wodi linavuja kwenye beseni,
Sharifa Likwata alijifungua salama:
kilo tatu na robo, sauti kama filimbi ya refa.
Bibi wa mtoto yuko dirishani: "Mkunga, tumepata nini?"
Nikatazama.
Nikasogeza taa, nikatazama tena.
"Mtoto," nikasema. "Mmepata mtoto."
Lakini daftari la serikali lina safu: ME. KE.
Hakuna upana wa kuandika *subirini*.
Asubuhi kulikuwa na ukaguzi. Nikaandika KE,
kwa mwandiko mzuri.
Huo uzuri wa mwandiko ndio unaoniamsha.

Mama yake akamwita Riziki, jina lisilochagua mlango.
Na sote tulisema ameamka, amenyonya, anacheka;
lugha yetu haikuwahi kumuuliza.
Lilimuuliza daftari, kisha wenye ngoma,
wakagombania jando au unyago,
hadi Sharifa akafunga mizigo usiku, wakahamia Masasi.

Riziki anatengeneza simu sasa, karibu na stendi.
Ijumaa alikuja kunibadilishia kioo.
Akasimama barazani kitambo, bisibisi mdomoni.
"Hili la katikati linaumwa?"
"Haliumwi."
"Litazaa?"
"Sijui. Linanukia lakini. Sogea."
Akasogea, akafumba macho.
Nilitaka kumwambia kuhusu ule mwandiko.
Nikamwambia chai ipo tayari.

Usiku Somoe akapiga. Kioo kipya, jina lake linang'aa.
"Shangazi, safari hii imetoa nini? Dume au jike?"
"Imechanua," nikamjibu.