Safu ya Mwisho

Barua ya jimbo ilisema: kurasa mbili, zisizidi.
Tarehe, mahali, hasara.
Wino mweusi.
Basi mimi, Alvah Trowbridge, niliyekuwa karani wa kikosi,
nimefungua daftari lenye madoa ya mafuta ya nguruwe,
na kalamu nimeichovya mara tatu kabla haijagusa karatasi.

"Agosti. Kiliundwa. Watu mia tisa themanini na watatu."
Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa, ndiyo maana.
Walitulaza katika mabanda ya maonyesho ya mifugo,
mimi na Thaddeus Quill chini ya utepe
wa fahali aliyeshinda mwaka uliotangulia.
Nahodha tulimchagua kwa kura,
kwa kuwa alikuwa na kinu, na saa ya mfukoni, na sauti.
Wa kujitolea, walituita, na kweli tulijitoa.
Aliyetupokea hakuandika stakabadhi.

"Novemba. Kambini."
Hapo daftari limenyamaza, nami nahesabu kwa vidole:
surua, arobaini na mmoja.
Wa kwanza Lucius Pembrey, mwana wa mshona viatu,
aliyekuja na jozi mbili za buti asizimalize soli.
Hakusikia hata mlio mmoja wa adui.
Buti zake zilifika Tennessee kwa miguu ya watu wanne,
mmoja baada ya mwingine.

"Machi hadi Februari. Kulinda daraja la reli."
Mstari mmoja.
Wasomao historia hupenda moshi, daraja hawalitaki.
Lakini hapo ndipo tulipoishi: tulipanda vitunguu,
tulipigana ngumi kwa ajili ya sufuria,
Hosea Lindqvist akajifunza kusoma
kwa maandishi ya masanduku ya baruti,
kuhara damu kukachukua wengi
kuliko risasi zote zilizokuja baadaye,
na usiku tulihesabu mabehewa, mradi tusihesabu siku.

"Mei. Kilivuka mto, kikashambulia."
Kwani nani alituonyesha kivuko?
Mtu aliyetoroka mashamba ya pamba usiku, bintiye mgongoni,
jina lake Prosper; la ukoo hakupewa.
Alimketisha mtoto kwenye jiwe, akatangulia,
maji kifuani, akipima kina kwa ufito,
nasi nyuma yake, mikoba ya risasi shingoni kama hirizi.
Tulipofika ng'ambo aligeuka, akarudi kumfuata mwanawe.
Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.
Sikumuuliza zaidi.

Kisha shamba la mahindi.
Mahindi yalikuwa hayajafika magotini,
kwa hiyo tulionekana sote.
Dakika ishirini na mbili, kwa saa ya nahodha;
aliyeisoma ni mwingine, maana nahodha alikwisha kulala chini,
na ile sauti pia.
"Hasara: mia moja thelathini na tisa."
Kila jina nililipa herufi moja:
K aliyekufa, J majeruhi, T aliyetoweka.
Quill nilimwandikia T.
Siku ya tatu nikaifuta, nikaandika K,
nikaifuta tena,
mpaka karatasi ikatoboka.
Tundu lingalipo. Ukiliinulia taa, mwanga unapita.

"Julai. Kilivunjwa. Watu mia tatu na sita."
Treni ilitushusha alfajiri; bendi ilikuwa imeagizwa saa nne.
Tulisimama kidogo, hatujui mikono tuiweke wapi,
halafu kila mtu akashika njia ya kwao.

Kurasa mbili zimejaa.
Imebaki safu ya mwisho, ile ya maelezo.
Neno hili safu nalo lina mambo:
ni watu bega kwa bega,
na ni nafasi nyembamba ukingoni mwa karatasi.
Nimeandika humo, kwa herufi ndogo, nje ya mstari:
Prosper. Ufito. Maji kifuani. Alirudi.

Mchapaji atalikata, namjua.
Na alikate.
Atalisoma kwanza.