Jozi Kumi na Tisa

Hapa Hamilton mtu haingii nyumba ya watu na viatu,
hata nyumba yenyewe ikiwa inauzwa,
hata mwenyewe akiwa keshahama.
Ndiyo maana washindani wetu niliwajua kwa miguu
kabla sijaziona nyuso.

Theluji ya Machi ilikuwa ikiyeyuka,
kibaraza kimelowa, viatu vimejazana
kama mlangoni pa wafiwa.
Jozi kumi na tisa. Nilizihesabu.
Buti za ngozi za mtu asiyepanda basi.
Raba za mtoto, moja imelala chali.
Vya kiwandani, vyenye chuma kidoleni,
hivyo nikavisalimu kimoyomoyo.

Shekue akaninong'oneza: "Nyumba njema si mlango."
"Basi ingia," nikamwambia, "unaziba njia."

Jikoni palinukia vitunguu vya miaka arobaini.
Ngazi ililia kwenye kidato cha tatu tu.
Lakini kilichoniponza kilikuwa banda la gari:
ukutani mtu amechora kwa rangi nyeusi
kivuli cha kila nyundo, kila koleo, kila msumeno,
ili kifaa kikitoka kijue pa kurudi.
Vifaa vyenyewe havikuwapo.
Nikasimama mbele ya msumeno usiokuwapo
nikaitaka nyumba ile mpaka meno yakaniuma.

Miaka kumi na moja tumepanga,
na hatujapanga lolote.
Meza yetu imehama mara sita;
mguu wake mmoja ulibaki Mtaa wa Barton.

Akaingia mwanamke mwenye soksi za kijivu,
kidole gumba kinachungulia tunduni.
Alipima dirisha kwa pima za mikono yake,
akageuka, akaniona nikimwona.
Tukatabasamu
kama wageni wawili na finyango moja chunguni.

Dalali wetu, Bi Pacheco, hakutuficha:
bei iliyoandikwa ni chambo, mwisho ni Jumanne saa moja usiku,
kila mtu na bahasha yake, hakuna wa kuchungulia.
"Ongezeni," akasema.
Tukaongeza nauli ya kwenda Tanga.
"Ongezeni."
Tukaongeza meno ya Shekue,
ambaye alifumba mdomo, akatia sahihi.
Tukaongeza na pesa ambazo bado hazijazaliwa.
Nikamwandikia na mwenye nyumba barua.
Sikumwambia kwamba usiku huogesha wazee wa watu.
Nilimwambia: vile vivuli, sitavipaka rangi.

Nimesahau kusema: Jumamosi ile, tulipotoka,
viatu vyangu havikuwapo.
Vyeusi, kisigino cha kushoto kimetiwa kiraka.
Kibarazani ilibaki jozi moja, nyeusi pia,
kubwa kidogo, na ndani yake soli ya karatasi
iliyokatwa kwa mkono, kwa uangalifu wa mtu asiye nacho.
Nikavivaa. Ningefanyaje?
Nikaenda nacho kituoni, pwata, pwata.

Jumanne, saa nne kasoro, simu.
Bahasha kumi na nne. Sisi wa tatu.
"Wa tatu!" akasema Bi Pacheco,
kana kwamba kuna medali ya shaba.
Shekue aliosha vyombo vyote, hata visafi.

Juni, basi la kazini lilibadilisha njia
kwa sababu ya bomba lililopasuka.
Likapita pale, polepole, nyuma ya lori la mchanga.
Kibarazani, kando ya raba za mtoto,
nikaviona. Kiraka na yote.

Nilicheka peke yangu; jirani yangu akasogea.
Viatu vyangu vimepata nyumba!
Kisha nikavitazama vizuri:
hata vyenyewe vimeachwa nje.

Lori likasogea.
Nikakunja vidole ndani ya viatu vyake,
juu ya karatasi yake,
ambayo mpaka leo sijaitoa.