Mstari wa Kumi na Moja

Mwalimu Chengo alivaa miwani, akaifungua orodha ya mvinyo
kama afunguavyo daftari la mtoto anayemshuku.
Hakuanza na majina. Alianza na safu ya kulia,
kidole kikipanda kutoka elfu mbili na mia nne
hadi elfu arobaini na moja. Akaguna.
Mkewe, Mama Jumwa, alikuwa akihesabu uma.

Nilisimama na penseli yangu. Funguo za stoo ninazo mimi.
Sijaonja hata tone; mvinyo naujua kwa ankara,
kwa katoni zinavyompinda Yeri mgongo akishusha lori,
kwa zile chupa tatu zilizopikwa na joto la Malindi
umeme ulipokatika Januari,
ambazo bado zimo ukurasa wa pili, zikisifiwa.

Ah, sifa! "Harufu ya cheri na ngozi mpya."
Signora Ornella huziandika usiku, mimi nazitia Kiswahili,
na hiyo cheri sijapata kuiona.
Bibi yangu Kadzo, mangweni kwake Kakuyuni,
hakuwa na orodha. Alimimina,
akapiga funda la kwanza mwenyewe mbele ya macho yako,
ndipo akakupa kata.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema;
hawakumwona mgema ajisifuye kwa wino wa dhahabu,
maji akayatia kwenye bei.

"Binti," akasema Mwalimu, "ipi hapa ina thamani?"

Hakusema rahisi. Hakusema nzuri.

Ningemwambia: ya kwanza twainunua mia sita, twaiuza mara nne.
Ya pili ndiyo mtego.
Hakuna apendaye kuonekana ameshika ya chini kabisa
mbele ya mke, mbele ya meza ya jirani,
basi hupanda ngazi moja,
na ngazi hiyo ndiyo tuliyoipaka sabuni: mara sita.
Aibu ina bei, na sisi twaijua hadi senti.
Zile za kutisha kule juu ni mara mbili tu;
hazikuwekwa zinywewe, ziliwekwa
za katikati zipate kuonekana zina huruma.

Ningemwambia. Lakini Signora alikuwa kaunta,
akipangusa glasi isiyo na vumbi.
Nikainama kana kwamba nanyoosha kitambaa,
dole gumba langu likatua mstari wa kumi na moja:
mweupe wa Sisilia, hauna sifa hata neno,
na jina lina herufi iliyokosewa.
Kila mwaka Signora akiinakili orodha hulinakili na kosa lake.
Ndio anaokunywa Jumapili tukishafunga, amevua viatu.
Bei hajaigusa tangu mumewe afariki.

Mwalimu akalitazama dole, akalitazama jina,
akaniomba penseli
akasahihisha. Hakuweza kujizuia.
"Huu," akasema.

Mama Jumwa alikunywa, akanyamaza,
akauliza kama tuna ndimu.

Asubuhi Signora aliliona lile sahihisho.
Hakuuliza ni nani.
Alichukua kifutio, akasugua polepole
mpaka karatasi ikaota manyoya,
kisha akairudisha herufi pale ilipokuwa,
kombo.