Bakuli la K

Bakuli hili si langu.
La bati, la buluu, limebanduka ukingoni,
na kitakoni mtu amechora K kwa msumari.
Ni K ya Kobilo. Lakini nami ni Kageha,
basi mgeni akiuliza namwacha akisie.

Nilihamia Kaptembwo mwezi wa Julai, mtoto mgongoni,
baridi ikishuka Menengai kama mdai wa alfajiri,
mlango wa nne, ploti ya Gathogo,
sina jiko, sina wa kumwambia nimefika.
Jioni mlango ukagongwa kwa kiwiko.
Hakusema karibu jirani. Alisema,
"Pokea upesi, naungua."
Ugali wa wimbi, na kando yake kikombe
cha maziwa ya rangi ya jivu, kutoka kibuyuni.
Kwetu maziwa yakiingia masizi humwagiwa mbwa.
Nikafumba macho, nikanywa. Uchachu ukanivuta masikio.
Nikamwambia ni matamu.
Ndio uongo wangu wa kwanza Nakuru,
na wa pekee uliokuja kuwa kweli.

Chombo cha watu hakirudi kikavu, mama alinifunza.
Nilikuwa na mrenda tu, nimetoka nao Mbale ukinyauka mfukoni,
nikaupika kwa munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe.
Kobilo akainua kijiko: uzi ukafuata.
Akarudi nyuma hatua: uzi ukafuata.
Akatoka nje, akapita chini ya kamba za nguo,
watoto wakipiga vigelegele.
"Huu unakatwaje?"
"Haukatwi," nikasema. "Humezwa hivyo hivyo."

Apondi wa mlango wa kwanza akaona linampita.
"Bakuli gani hili lisilo na salamu?"
Akalikamata, akalijaza omena.
Tangu hapo likawa na zamu zake kama mlinzi wa usiku.
Gathoni akalitia mukimo. Hawo, pilau ya Idi,
na matumbo ya mbuzi siku isiyo na sikukuu yoyote.
Mwisho wa mwezi mmoja lilirudi na viazi viwili
na chumvi kwenye karatasi,
na hakuna aliyecheka.

Kisha ikaja Januari ile tusiyoitaja kwa mwaka.
Majina yakawa mizigo. Gathoni alikuwa chini ya kitanda changu
na wanawe wawili, nyuma ya gunia la makaa.
Vijana wakasimama uani. Mmoja akaokota bakuli,
akaligeuza, akasoma. "K ni nani?"
Apondi hakuacha kusonga.
"K ni kula. Una njaa, nawa. Huna, rudisha lango."
Walikuwa watatu. Wawili walinawa.
Yule wa tatu alisimama na panga lake, akinusa,
mpaka akakosa pa kuliweka.

Sisemi chakula huzima moto.
Ploti ya pili nao walikuwa wakipelekeana sahani,
na zilibaki kuta.
Nasema nilichokiona mimi, mwiko mkononi.

Kobilo sasa yuko Marigat, miguu inamsumbua.
Hupiga simu Jumapili: "Bakuli langu litarudi lini?"
"Sina cha kutia," namwambia,
na sufuria inatokota nyuma yangu.
Anaisikia. Najua anaisikia.
Waliolipana hupeana mkono, kila mtu akashika njia yake;
sisi bado tunadaiana.

Juzi mlango wa sita wamehamia watu wa Bukavu.
Jina la mama yule lingali linanipiga chenga.
Nikamtuma mwanangu na bakuli, mrenda hadi ukingoni.
Likarudi na sombe, imetwangwa, ina mawese
na kitu kingine ambacho sikukijua.
Nikafumba macho.

"Ulimwambia ni tamu?" Kobilo aliuliza simuni.
Nilimwambia.
"Na ni tamu?"
Bado.